Dirii ya Kigiriki ya kitani au ngozi: mwongozo kamili wa kuikata, kuishona na kuivaa

Dirii, yaani vazi la kukinga mwili vitani, tunayoizungumzia hapa ni ile inayoonekana kwenye vyungu vya Athens kuanzia mwishoni mwa karne ya 6 KK. Ni nyeupe, inazunguka kifua, ina ndimi mbili zinazotoka mgongoni na kufungwa mbele, na chini yake vinaning'inia vipande virefu vya kufunika kinena. Ndiyo iliyochongwa kwenye jiwe la kaburi la Aristion, kazi ya Aristokles ya mwaka 510 KK hivi, na ndiyo aliyovaa Alexander wa Makedonia kwenye picha ya vijiwe iliyofukuliwa Pompeii. Umbo lilidumu. Kinachobishaniwa hadi leo ni malighafi.

Hakuna dirii ya namna hii, ya kitambaa wala ya ngozi, iliyosalia ikiwa nzima. Ipo ya chuma. Mwaka 1977 Manolis Andronikos alifukua kaburi la kifalme huko Vergina, Makedonia, akakuta dirii ya mabamba ya chuma iliyopambwa kwa dhahabu na kufuata umbo hilohilo. Kwa fundi hiyo ni nafuu kubwa, maana inaonyesha vipande vinaungana wapi. Mengine yote yanatoka kwenye picha na mistari michache ya waandishi wa kale, na kazi yetu ni kukisia kwa nidhamu. Anayekuambia ana kigezo halisi, jua ana kitu anachotaka kukuuzia.

Kitani au ngozi?

Maandishi yanataja vyote viwili. Homer anamsifu Ajax mwana wa Oileus kwa dirii yake ya kitani. Herodotus anasimulia kwamba Farao Amasis alipeleka dirii ya kitani Lindos, kisiwani Rhodes, ambayo kila uzi wake ulisokotwa kwa nyuzi 360. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika baadaye kuwa imebaki kidogo tu, kwa sababu wageni hawakuacha kuishikashika wakihakiki hesabu hiyo.

Xenophon anatumia neno jingine, spolas, na Pollux wa karne ya 2 BK anaeleza kuwa spolas ni dirii ya ngozi inayoning'inia kutoka mabegani. Mwaka 401 KK, Wagiriki wakirudi nyumbani kutoka Babeli, waliunda kikosi cha wapanda farasi 50 hivi na kuwapatia spolas na dirii za kawaida. Katika safari hiyohiyo Mlakonia mmoja (mtu wa nchi ya Sparta), Kleonymos, alipigwa mshale uliopenya ngao, ukapenya spolas, ukaingia ubavuni. Kumbuka hilo kabla hujaanza kuota kwamba kazi ya mikono yako itazuia kila kitu.

Kwa askari wa Athens au Sparta wa karne ya 5 KK tunachagua ngozi. Kitani kinamfaa zaidi anayeigiza watu wa Misri na mashariki, au Alexander mwenyewe: Plutarch anasema kwenye vita vya Gaugamela mwaka 331 KK alivaa dirii ya kitani ya kukunjwa mara mbili, iliyotoka kwenye nyara za vita vya Issus. Umbo ni moja, kwa hiyo kigezo utakachokata hapa chini kitatumika kwa vyote viwili.

Sasa gundi. Wazo la kubandika matabaka ya kitani kwa gundi lilienea karne ya 20, hasa kupitia kazi za Mwingereza Peter Connolly, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Green Bay wamelijaribu kwa kina kwa kupiga mishale. Dirii hiyo ni imara kweli. Lakini hakuna mwandishi wa Kigiriki wa zama hizo anayetaja gundi ndani ya dirii, na gundi ya wanyama hulainika ikipata unyevu na joto, yaani jasho la saa mbili juani. Ukiishi pwani itaota ukungu kabla hujaivaa mara ya tatu. Gundi nyeupe ya seremala inastahimili zaidi, ila inakupa ubao usiopumua na ambao hakuna Mgiriki angeutambua. Tunashona.

Vipimo na kigezo

Pima mtu akiwa amevaa vazi la ndani atakalolivaa siku hiyo. Vipimo vya mfano hapa ni vya mwanamume wa sentimita 170 mwenye kifua cha sentimita 100 juu ya nguo.

Kipande kikuu, tukiite mzingo, ni mstatili unaozunguka mwili. Urefu wake unapatikana hivi: kifua 100, ongeza 3 za kupumulia, ongeza 5 za unene wa dirii, ongeza 7 za kupishanisha upande wa kushoto. Jumla 115. Hizo 5 za unene zina hesabu yake: dirii ya milimita 8 inaongeza mara mbili ya 8, mara 3.14, yaani milimita 50 hivi kati ya mzunguko wa ndani na wa nje. Wengi huziruka hizo, kisha hushangaa kwa nini dirii haifungi.

Kimo cha mzingo ni sentimita 34 mbele na 36 nyuma. Makali ya juu mbele yafike kama sentimita 9 chini ya shimo la koo, kisha chini ya kila kwapa chora mkato wa nusu duara wenye kina cha sentimita 10. Makali ya chini yaishie kiunoni, juu ya mfupa wa nyonga. Hapa ndipo dirii nyingi za maonyesho zinapoharibika: zinashonwa ndefu kama koti. Jaribu kigezo cha boksi ukiwa umekaa kwenye kigoda kifupi, halafu inama ushike vidole vya miguu. Makali ya chini yakigusa mapaja au ya juu yakikusukuma koo, punguza sentimita 2 na ujaribu tena.

Kipande cha mabega ni kipana mgongoni na kina ndimi mbili. Sehemu ya mgongo iwe sentimita 34 kwa 18, na kila ulimi upana wa 10 na urefu wa 38. Katikati ya ndimi, acha kipande cha mraba kinachosimama sentimita 6 nyuma ya shingo. Hicho ni kinga ya kisogo, usikikate ukidhani ni mabaki. Nafasi kati ya ndimi iwe ya kupitisha shingo na vidole viwili kila upande.

Mwisho ni vile vipande vya kuning'inia, ambavyo Wagiriki waliviita pteruges na hapa tutaviita mbawa. Kila kimoja upana wa sentimita 6 na urefu wa 20. Mzunguko wa sentimita 108 baada ya kupishanisha unahitaji 18 kwa safu, na safu ni mbili. Ongeza kimoja kwa kila safu kwenye sehemu ya kupishania. Jumla 38.

Kuijenga kwa kitani

Tafuta kitani cha gramu 250 kwa mita ya mraba, kilichofumwa kwa kubana. Kwa matabaka 15 ya mzingo na mabega, na 6 ya mbawa, utahitaji mita 9 za kitambaa cha upana wa sentimita 150, na dirii itakuwa kilo 3 na kidogo. Kitani kikikosekana au bei ikikushinda, drili nzito ya pamba hufanya kazi ileile na kwa jicho la mtazamaji haina tofauti. Usichanganye polista, kwani huteleza kati ya matabaka.

Fua kitambaa kwa maji ya moto na ukikaushe kabla ya kukata chochote. Kitani kipya hujikunja, na kikijikunja baada ya kushonwa, mishono itavuta makunyanzi ambayo pasi haiyaondoi.

Kata matabaka ukibadilishana mwelekeo: moja nyuzi za mtande zisimame wima, linalofuata zilale. Usikate kwa mshazari, maana kitambaa cha mshazari huvutika na mzingo utalegea kiunoni. Kila tabaka likate na sentimita 1 ya ziada pande zote. Mzingo ukatie urefu wa sentimita 120, utapunguza baadaye.

Kisha fanya jambo ambalo wanaoshona juu ya meza hawalifanyi: jenga matabaka juu ya kitu cha mviringo. Ndoo ya lita 20, yenye kipenyo cha sentimita 30 hivi, inatosha. Lilaze tabaka la kwanza, piga bandi katikati ya mgongo, kisha weka la pili na uendelee ukitoka katikati kwenda ncha. Kila tabaka la nje litahitaji kuwa refu kuliko la chini yake kwa milimita 3 hivi, na ncha zake zitajipanga kwa ngazi. Ziache hivyo hadi mwisho ndipo uzikate zilingane. Ukishona matabaka yote yakiwa bapa mezani na kuyapinda baadaye, yale ya ndani hayana pa kwenda. Yatajikunja mikunjo inayochoma mbavu, na mishono ya nje itakaza hadi ikatike.

Cherehani ya nyumbani haipiti matabaka 15. Unaweza kushona mafungu matatu ya matabaka matano kwa mashine, kisha ukayaunganisha kwa mkono, ila mafungu hayo nayo yapindwe kwenye ndoo. Kwa mkono tumia uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta, msharasi mwembamba wa kutobolea, sindano butu, subana na koleo dogo la kuvutia sindano. Andaa mita 120 za uzi. Mistari isimame wima, sentimita 2.5 kutoka mmoja hadi mwingine, na mishono iwe milimita 8 hadi 10. Mistari wima inaruhusu dirii kuuzunguka mwili. Mistari ya kulala inaifanya igome. Usikaze kupita kiasi: uzi ukizama hadi kitambaa kifanye bonde refu, unene umeupunguza hapohapo unapoutaka. Wala usisogeze mistari karibu kuliko sentimita 2, kwani matundu mengi hukata nyuzi na dirii inakuwa dhaifu pale ulipodhani umeiimarisha.

Kipande cha mabega kishone kikiwa bapa kabisa. Kuna sababu yake, tutaifikia.

Kuijenga kwa ngozi

Ngozi inayofaa ni ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa magome, unene wa milimita 4 hadi 5, kutoka sehemu ya mgongo. Ya tumbo huvutika. Kwa mwili huu nunua futi za mraba 12, na kwa mbawa tumia ngozi ya milimita 2 hadi 2.5. Jihadhari na ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu badala ya magome, iliyojaa madukani kwa ajili ya mikoba na viatu: ni laini na haishiki umbo. Njia ya kuitambua ni rahisi. Kata ncha uangalie ndani. Kromu ina rangi ya kijivu au buluu hafifu. Dondoshea tone la maji: ngozi ya magome hulinywa na kuwa nyeusi kidogo, ya kromu mara nyingi huliacha likae juu.

Kata mzingo na sentimita 1 ya ziada kwa sababu ngozi hupungua ikikauka. Uloweke kwenye maji ya kawaida hadi mapovu yaishe, utoe, usubiri rangi ianze kurudi, kisha uzungushe kwenye ndoo na kuufunga kwa tepe pana za kitambaa. Kamba nyembamba huacha alama zisizofutika. Kausha kivulini siku mbili. Usiweke juani wala karibu na jiko. Joto kali huifanya ngozi yenye maji isinyae na kuwa ngumu kama pembe, na ikipigwa hupasuka. Misumari na pini za chuma ziwe mbali pia: chuma kikigusa ngozi ya magome iliyolowa huacha doa jeusi la kudumu. Tumia shaba au mbao.

Ngozi hii ni ya kahawia, na vyungu vinaonyesha nyeupe. Njia moja ya zamani ya kupata ngozi nyeupe ni shabu. Kwa kila kilo ya ngozi mbichi iliyonyolewa na kusafishwa, yeyusha kama gramu 100 za shabu na 50 za chumvi kwenye maji ya kutosha kuifunika, na uigeuze kila siku. Ya mbuzi itachukua siku chache, ya ng'ombe zaidi ya wiki. Kata kona uone kama weupe umefika katikati. Ikikauka itakuwa kavu kama ubao, ndipo uivute na kuisugua juu ya ukingo butu wa mbao hadi ilainike. Udhaifu wake ni mvua: maji huondoa shabu na ngozi ikaanza kurudia hali yake ya ubichi. Ipake mafuta ya mnyama na usiiache ilowe. Kwa kuwa ngozi ya shabu huwa laini, shona mbili pamoja, za milimita 2.5 kila moja, badala ya moja nene. Asiyetaka shughuli yote hiyo aisugue ngozi ya magome kwa chaki na mafuta kidogo. Itang'aa vya kutosha kwa jukwaa.

Matundu ya kushonea yawe milimita 7 kutoka moja hadi jingine na milimita 5 kutoka ukingoni. Shona kwa sindano mbili, kila moja upande wake, zikipishana kwenye tundu moja. Uzi ukikatika upande mmoja, wa pili unabaki umeshika. Bitana ya kitani chepesi ndani itakunusuru na michubuko.

Mbawa

Pinda kingo za kila ubawa, au kama ni wa ngozi, zungushia utepe mwembamba wa ngozi ya mbuzi. Safu ya nje ianzie moja kwa moja kwenye makali ya chini ya mzingo. Safu ya ndani ishonwe sentimita 2 juu zaidi, upande wa ndani, na isogezwe sentimita 3 pembeni ili katikati ya kila ubawa wa ndani ikae nyuma ya ufa wa nje. Ukizishona zikilingana, mtu akipiga hatua nyufa zote hufunguka pamoja na mapaja yanaonekana, na hapo safu ya pili haina kazi.

Zikijikunja kuelekea nje, umezipa matabaka mengi mno au mshono wa juu umekazwa. Matabaka 6 ya kitani yanatosha. Hapa tunataka uzito wa kuning'inia, ugumu hautakiwi.

Mabega na kamba

Shona sehemu ya mgongo ya kipande cha mabega juu ya mzingo, upande wa nje, ikishuka sentimita 8 chini ya makali, kwa mistari miwili ya mshono uliorudiwa. Uzito mwingi wa dirii unabebwa hapa na panachanika kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo ongeza kipande cha ngozi kwa ndani.

Ndimi zenyewe zibaki bapa. Kwenye kikombe cha Sosias cha mwaka 500 KK hivi, kilichoko Berlin, Achilles anamfunga Patroklos jeraha la mkono, na ulimi mmoja wa bega la Patroklos umefunguka ukasimama wima. Ndiyo alama ya dirii iliyo sahihi: ukifungua kamba, ulimi unaruka juu wenyewe. Wanaozipinda ndimi kabla ili zikae vizuri begani wanapoteza tabia hiyo, na kinga ya kisogo inalala nyuma badala ya kusimama. Kwenye kikombe hichohicho dirii zina magamba. Ukiyataka, tumia bamba la bronzi la milimita 0.5 hadi 0.8 na uyashone safu ya chini kwanza. Yatakuongezea uzito, kwa hiyo yaishie ubavuni na kiunoni.

Kila ulimi uwe na kamba ya ngozi ya milimita 5 nchani, inayoshuka hadi kwenye pete ya bronzi iliyoshonwa chini ya kifua. Pete moja katikati inatosha, ingawa mbili hukaza vizuri zaidi. Ubavuni weka jozi nne za kamba, upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko ngao iliko.

Makali yote yafunge kwa utepe wa ngozi ya mbuzi wa sentimita 4 uliokunjwa katikati. Rangi ya wekundu kwenye kingo na mistari ya pembe-pembe kifuani inakubaliana na vyungu. Michoro ya simba na nyota pia ipo. Paka rangi kabla ya kufunga pete.

Kuivaa na kuitunza

Zungusha mzingo, funga kamba za ubavu kuanzia ya chini kwenda juu, kisha vuta ulimi wa kulia mbele, halafu wa kushoto. Ukianza na ndimi, mzingo unapanda na kukubana makwapani. Ikiwa unanyanyua mkono na dirii nzima inanyanyuka nayo, mkato wa kwapa ni mdogo. Ongeza sentimita 1, shona upya ukingo. Ikikuchosha mabega baada ya nusu saa, kamba za ubavu zilizo karibu na kiuno zimelegea: sehemu ya uzito inapaswa kushikwa na kiuno.

Jaribio la mshale au mkuki lifanyike kwenye gunia la mchanga lililovishwa dirii, kamwe si kwa mtu. Pausanias, aliyeziona dirii za kitani zikiwa zimetundikwa huko Gryneion, aliandika kuwa chuma kikisukumwa kwa nguvu hupenya, ila wawindaji huzifurahia kwa kuwa meno ya simba na chui hukatikia humo.

Baada ya kuivaa, itundike kwenye kijiti kipana cha mabega mahali penye upepo, ndimi zikiwa wazi. Ya kitani usiifue. Futa jasho kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, uianike kivulini. Ya ngozi ipakwe nta iliyoyeyushwa na mafuta kila baada ya miezi michache, ukianzia kwenye matundu ya mshono, kwani huko ndiko ngozi hukauka na kupasuka kwanza.